Toroli la Saa Kumi

Shemeji yangu kalisha mbwa miaka ishirini na sita, na miaka yote hiyo aliamini wanampenda. Mimi nilimwambia siku ya kwanza kabisa: wewe hao wanakuona kama mlango wa jikoni. Akacheka. Ni mtu wa kucheka, ndiyo maana mambo mengi yamempita.

Ni mume wa marehemu mdogo wangu. Kazi yake ni kutunza mbwa wa kampuni ya walinzi. Mbwa saba, mabanda saba yamepangwa mstari mmoja nyuma ya ofisi, sakafu ya saruji, wavu mbele, na kati ya banda na banda wavu mwingine. Usiku mbwa wanatoka na walinzi, asubuhi wanarudishwa na kufungiwa. Mimi ndiye ninayewapikia. Nilikuja msibani na sanduku lenye nguo nne, nikasema nakaa wiki mbili nimpangie mfiwa vyombo vyake, na huu ni mwaka wa sita. Tunakaa vyumba viwili vilivyogusana na uwanja wa mbwa, yeye chake mimi changu. Watu walinong'ona mpaka midomo ikawakauka. Niliwaambia wakipata la kusema waje wanisaidie kukata mapafu.

Yeye ni mrefu, mwembamba, suruali kaifunga kwa ukanda wa mbwa. Anashona mikanda yao kwa mkono wake, anaosha kila bakuli mara mbili, kila bakuli kalipaka rangi yake ili hata mlinzi mgeni asichanganye. Hajawahi kumpiga mbwa. Akimkanyaga mkia anamwomba radhi. "Samahani, mama," anasema, kwa mbwa! Mimi kaniunguzia sufuria zangu mbili na hiyo samahani sijaisikia.

Sasa saa kumi alasiri ikifika, ndiyo utajua kuna mbwa. Napakua unga na mapafu na mifupa niliyochemsha tangu mchana, nasubiri vipoe, yeye anapanga mabakuli kwenye toroli. Gurudumu la hilo toroli lilikuwa linalia kama mtoto anayeota meno. Nilimwambia alitie mafuta. Akakataa. "Dada, wanapenda kunisikia nakuja." Kumbe analiacha makusudi! Basi likishalia mara ya kwanza tu, huko nyuma kunalipuka. Siku moja fundi alikuja asubuhi kuazima toroli abebee mchanga, mbwa wote saba wakasimama wima wakidhani ni chakula. Fundi aliacha mchanga na toroli, tukamkuta barabarani.

Kila mbwa alikuwa na wazimu wake. Kulikuwa na Tarumbeta, huyo ni wa kulia, anainua shingo na kuvuta sauti moja mpaka masikio yanazibuka. Kulikuwa na Feni, anajizungusha akifuata mkia wake mpaka anagonga ukuta. Watatu wengine walikuwa wanabweka tu, kelele za kawaida, sina la kuwasimulia. Kulikuwa na Tiara, jike jekundu, wa kuruka. Anaruka juu kuliko kichwa cha shemeji, anashuka, anaruka tena, kama mtu anamvuta kwa uzi. Na banda la mwisho kabisa kulikuwa na Hakimu, dume la zamani, mvi usoni. Huyo anakaa tu. Ameketi, miguu pamoja, anatazama mbele, hata ukucha hautikisiki.

Na shemeji naye, akishafika pale, anakimbia! Mtu mzima, na bakuli mkononi, anakimbia kwa yule mwenye kelele kuliko wote. "Nakuja, nakuja, wapendwa, polepole!" Anampa huyo anyamaze. Kisha anamkimbilia anayefuatia kwa kelele. Hakimu anamfikia wa mwisho, anamsukumia bakuli, anarudi mbio kwa Tiara aliyeshamaliza na kuanza tena.

Mimi nilikuwa natazama haya kutoka mlango wa jikoni, mikono kiunoni. Sikusema. Hakuniuliza.

Jumatatu moja Tiara akamvunja mkono. Alifungua mlango wa banda na bakuli mkononi, kama siku zote, Tiara akaruka kama siku zote, ila siku hiyo alimpata kifuani. Shemeji akaenda chali, mkono ukatangulia kwenye ukingo wa saruji. Nilisikia ulivyosema ka. Na Tiara hakumng'ata, hata hakumtazama. Alikuwa anaramba chakula kilichomwagika kwenye shati lake.

Bahati mbaya meneja alikuwa dirishani. Meneja wetu ni kijana wa viatu vyenye ncha, siyo mtu mbaya, anaogopa tu kila kitu kinachoweza kuandikwa kwenye ripoti. Alishuka mbio, akampeleka shemeji hospitali kwa gari lake mwenyewe, wakarudi mkono umefungwa plasta mpaka karibu na kiwiko. Kisha akaja kusimama mlangoni kwangu.

"Mama, Ijumaa daktari wa mifugo anakuja kuchanja. Huyu jike jekundu nitamwambia amchome ya kulala moja kwa moja."

"Kwa kosa gani?"

"Mama, umeona mwenyewe. Huyu mbwa ni hatari."

"Si ndiyo kazi mliyompa? Kuwa hatari?"

"Kwa mwizi. Siyo kwa anayempa chakula."

"Basi mwambie mwizi aje na bakuli, utaona atakavyorukiwa."

Mlinzi wa geti, mtu wa tumbo kubwa na masihara, akacheka mpaka kofia ikamtoka. Meneja hakucheka. Alisema mbwa asiyeweza kukaa chini mbele ya chakula hawezi kuaminiwa mbele ya mteja, na kauli yake ni hiyo.

Hapo shemeji akasema, taratibu, plasta kaibeba kama mtoto: "Meneja, njoo Ijumaa saa kumi umwone mwenyewe kabla ya sindano. Ukikuta anaruka, sitasema neno."

Meneja akamtazama, akatazama ule mkono. "Haya. Saa kumi. Akiruka, basi."

Ni lazima niseme Tiara alikuwa nini kwake. Mwezi uleule tuliomzika mdogo wangu, mtu alitupa mfuko wa unga getini, ndani yake vitoto vinne vya mbwa, vitatu vimeshakufa. Huyu wa nne shemeji alimlisha maziwa kwa kijiko, kamlaza kwenye beseni la marehemu la kufulia. Mimi nililitaka beseni hilo la mdogo wangu. Alinijibu, "Dada, niache na hiki kimoja." Nikamwacha nacho. Ndicho hicho sasa kilikuwa kimebakiza siku nne.

Jioni ile alikaa mbele ya sahani bila kugusa.

"Dada, nisaidie."

"Mimi mbwa siwapendi."

"Najua."

"Na wewe ndiye uliyewaharibu."

Akaniinulia macho. "Mimi? Nimewafanya nini mimi zaidi ya kuwapenda?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimelibeba siku nyingi, likatoka lote. Nilimwambia mama yetu alikuwa na watoto wawili na sufuria moja. Mdogo wangu alikuwa analia kabla sufuria haijafunguliwa, anajitupa chini, anapiga miguu. Mama akimsikia anampakulia kwanza anyamaze, tena kipande kizuri. Mimi nikikaa nasubiri. Mama anasema, huyu mkubwa ana adabu, huyu hana shida. Nikipewa ukoko. Kila siku hivyo. Yeye akajifunza kulia, mimi nikajifunza kunyamaza, na watu wakasema ndivyo tulivyozaliwa.

"Mbwa wako hawana wazimu," nikamwambia. "Wala siyo njaa, mbona wananenepa. Wamefungiwa kutwa nzima ndani ya hatua tatu, hakuna linalotokea ila hilo toroli. Kitu kimoja kizuri kwa siku! Hata wewe ungeruka. Halafu anayeruka zaidi unamkimbilia. Umemfundisha Tiara kuruka, kila siku saa kumi, kwa mkono wako huo uliovunjika."

Aliutazama ule mkono wa plasta. Kisha akasema, "Na sasa sina mkono. Utawalisha wewe."

Jumanne nilianza na gurudumu. Nikalitia mafuta ya kupikia. Saa tisa nikamwambia mlinzi wa geti awatoe mbwa mmoja mmoja, awazungushe uwanja mzima.

"Mimi na tumbo hili, bibi?"

"Hilo tumbo ndilo linalohitaji zaidi."

Alizunguka, na jasho lake, akinitukana kwa adabu. Mbwa walinusa kila tofali, wakakojolea kila kona, wakarudi ndimi nje. Nilimwacha kila mmoja apumue. Kisha nikasukuma toroli. Halikulia hata kidogo, ila pua nazo siyo za kuzibwa. Tarumbeta akaanza. Feni akaanza kuzunguka. Tiara akaruka.

Mimi nikasimama.

Nilichukua bakuli moja, nikasimama nalo. Nilianza kwa Hakimu kwa sababu alikuwa ameketi, nikamwekea, nikampa mgongo nikaenda kwa kelele. Kila aliyeruka nilirudisha bakuli lake kwenye toroli. Sikumfokea mtu. Sikusema hata 'kaa'. Nilipindua ndoo, nikakaa juu yake, nikakunja mikono.

Shemeji alikuwa mlangoni, jasho linamtiririka. "Dada, wana njaa!"

"Hata mimi nina njaa. Umenisikia nikilia?"

"Watakufa kwa presha!"

"Utatangulia wewe."

Kwanza Feni alipata kizunguzungu akajibwaga chini. Nikamwekea bakuli palepale alipojibwaga. Macho yalimtoka, hakuamini. Wale watatu wa kelele za kawaida wakachoka kwa kawaida. Tarumbeta sauti ilimkauka, akabaki kufungua mdomo bila kitu kutoka, nikampa. Tiara alibaki. Jua lilikuwa limeshatoka kwenye bati. Aliruka, akaniangalia. Akaruka, akaniangalia. Mimi namtazama tu, hatuna haraka, mimi nilisubiri ukoko miaka kumi na mbili sembuse mbwa. Mwisho matako yake yakagusa saruji, kwa kujaribu tu, kama mtu anayejaribu maji ya moto kwa kidole. Nikashusha bakuli. Akaruka. Nikalipandisha. Akaketi. Nikalishusha. Mara nane hivyo. Ya tisa lilifika chini yeye bado amekaa.

Niligeuka, nikamkuta shemeji ameshika wavu kwa ule mkono mzima. "Miaka ishirini na sita," akasema.

"Ndiyo. Sogea niokote mabakuli."

Mabakuli yote yalikuwa matupu, hata la Hakimu. Nilipaswa kutazama vizuri zaidi. Sikutazama.

Jumatano ilichukua nusu ya muda ule. Alhamisi ikawa nusu ya nusu. Sitasema walikuwa watawa. Feni alizunguka mara moja akakumbuka mwenyewe akaketi. Tiara alikuwa anatetemeka mwili mzima kama kifuniko cha sufuria inayochemka, mate yanashuka mpaka kifuani, lakini chini. Shemeji alitaka kumpongeza, nikamwambia funga mdomo, ukimwita jina tu ataruka. Akafunga mdomo. Mtu yule kufunga mdomo ni kazi kuliko mbwa.

Ijumaa shemeji hakula tangu asubuhi. Alimchana Tiara manyoya mara tatu. Saa kumi meneja akaja na daktari wa mifugo, mwanamke mnene wa miwani, mkoba mkononi, na mlinzi wa geti nyuma yao akijifanya ana shughuli huko.

Nikasukuma toroli. Hakuna aliyebweka.

Nilianza kwa Hakimu, kisha nikapanda na mstari. Feni, jirani yake, akaketi, akapata. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Tarumbeta alitoa mlio mdogo kwenye pua, nikasimama, akaumeza. Nikafika kwa Tiara. Miguu ya nyuma ilikuwa inacheza, niliona kabisa alivyojikusanya kuruka, na nyuma yangu nilisikia shemeji ameacha kupumua. Nikasimama na bakuli. Meneja akatazama saa yake. Tiara akanitazama mimi, akatazama bakuli, akashusha matako chini, akayabana hapo. Nikafungua mlango. Nikaweka bakuli. Nikahesabu moyoni mpaka tatu, ndipo akainama akala.

Meneja akasafisha koo. "Ni mbwa yuleyule?"

"Ni yuleyule. Aliyebadilika ni anayemlisha."

"Daktari," akasema meneja, "mchanje tu kama wengine."

Shemeji akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Mlinzi wa geti naye alikuwa anapangusa macho kwa kofia, na tumbo lake lote lile.

Ilikuwa kimya. Ndiyo mara ya kwanza tangu nije hapa saa kumi na dakika zake kuwa kimya. Na katika kimya kile nikasikia ndimi. Unajua mlio wa mbwa anaporamba bakuli la bati, lapu, lapu, lapu. Nikasikia mmoja mmoja, nami ni mtu wa kuhesabu hata nisipotaka. Mabakuli saba. Ndimi sita.

Nikarudi mwisho wa mstari. Hakimu ameketi mbele ya bakuli lake, miguu pamoja, hajagusa. Na mkono wa Feni umepita chini ya wavu, unalivuta lile bakuli kidogo kidogo kama mwizi wa kuku.

"Shemeji," nikaita. "Huyu hali."

Akaja, bado anafuta kamasi. Akatazama. "Aa, huyo. Huyo hana shida, dada. Huyo ndiye mtulivu wao."

Damu ilinipanda mpaka nyweleni.

Mdogo wangu maisha yake yote alikuwa wa kulia. Akichomwa na sindano ya kushonea mtaa mzima unajua. Alipougua, mimi nilikuwa kwangu, mwendo wa siku nzima kwa basi. Nilishafunga mzigo nije. Huyu shemeji akanipigia simu: dada, usihangaike na safari, leo siku ya tatu katulia, halalamiki, nadhani anapona. Nami nikafungua mzigo. Mtu niliyelala naye kitanda kimoja utoto wangu wote, naambiwa hasemi kitu, na mimi nikafurahi! Nilifika kumzika. Shemeji sijamsamehe, na mimi mwenyewe sijajisamehe, na sina mpango huo.

"Ndivyo ulivyonipigia simu," nikamwambia, mbele ya meneja, mbele ya daktari, sikujali. "Maneno yaleyale. Katulia. Hana shida. Katulia!"

Uso wake ulikuwa kama mtu aliyemwagiwa maji. Meneja akaanza kutazama viatu vyake. Kisha shemeji akainama, akaingia ndani ya banda kwa magoti, plasta inakwaruza saruji, akamshika Hakimu kichwa kwa mkono mmoja, akamwambia, "Samahani, mzee. Fungua."

Mbwa akafungua. Harufu ilitufikia wote. Daktari akapiga magoti na tochi, akatazama, akatikisa kichwa. Jino la nyuma limeoza mpaka kwenye mfupa, shavu la ndani limejaa usaha. "Huyu ana wiki nyingi hatafuni," alisema. "Anashindia maji na uji unaobaki chini. Mnamwonaje mtulivu? Huyu anaumwa."

Wiki nyingi! Na kila siku bakuli linarudi tupu, Feni ananenepa, sisi tunasifu adabu.

Daktari alifungua mkoba, akatoa sindano. Shemeji akashtuka. "Ya kulala na kuamka," daktari akamwambia, "usiogope." Ikawa Hakimu ndiye aliyelala siku ile, kichwa mapajani kwa shemeji, na jino likatoka vipande vitatu. Shemeji alikaa naye sakafuni mpaka alipofumbua macho. Tiara alikuwa amelala kwenye banda lake, tumbo juu, hajui kama alikuwa na siku ya kufa.

Jumapili Hakimu alikula. Nilimpondea mwenyewe. Na unajua alifanya nini aliponiona na bakuli? Alipiga mkia chini mara mbili, pa, pa. Ndiyo kelele yake yote hiyo. Alikuwa anaipiga siku zote labda, nani angeisikia.

Wiki ileile shemeji, tukiwa tunaosha mabakuli, yeye kwa mkono mmoja, alisema bila kunitazama: "Dada, kuhusu ile simu. Nisamehe."

"Sijakusamehe."

"Najua," akasema. Akasuuza bakuli la Hakimu mara ya pili, akalifuta, akalipanga mbele kabisa.

Plasta ilishatoka. Amerudi kazini kwake na toroli lake, analitia mafuta kila Jumatatu, hakimbii tena, anaanzia mwisho wa mstari na kwenda juu. Mlinzi wa geti bado anazungusha mbwa saa tisa na suruali zake zimeanza kumshuka. Mimi nimerudi mlangoni kwangu, mikono kiunoni.

Ila kuna jambo moja limeniletea kero. Siku hizi tukikaa kula, shemeji anapakua sahani yangu kwanza. Kisha anaweka kijiko chini, ananitazama.

"Dada, mbona kimya?"

"Si nakula?"

"Haya."

Lakini haligusi tonge lake, bado ananitazama tu, mpaka anione nimemeza.